Upinde wa Kapi

"Na huu," Musembi aliuliza, "mshale wake ukikosa, hukosa kwenda juu au kwenda chini?"

Mzee Muhdhar alikuwa ameuza ndoana na nyuzi za kuvulia hapo Malindi tangu ujana wake, na hakuwahi kuulizwa swali kama hilo. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kikoi.

"Bwana, bingwa kama wewe na kukosa wapi na wapi?"

"Mambo hayajulikani, mzee."

Juu ya meza zililala pinde tatu, alizoachiwa na Mtaliano mmoja aliyefunga nyumba yake na kurudi kwao. Hazikuwa pinde za mti. Zilikuwa za chuma, na kwenye kila ncha palikuwa na kapi, kigurudumu kidogo ambamo uzi ulipita na kuzunguka. Mwaka huo wa 1986 hakuna mwingine mjini aliyekuwa na kitu kama hicho, na hakuna aliyekitaka, mpaka asubuhi hiyo.

Sura ya Musembi ilijulikana. Ilikuwa kwenye bango la hoteli moja ya ufuoni: mikono kiunoni, kifua mbele, amejifunga kitambaa chenye madoa ya chui, na chini yake maneno ya Kitaliano ambayo Muhdhar aliambiwa maana yake ni mishale ya Wakamba. Upinde wao wa zamani ulikuwa umepasuka wiki iliyopita mbele ya wageni. Meneja alisema wazi: upinde mwingine upatikane kabla ya onyesho la Alhamisi, la sivyo nafasi hiyo apewe mtu wa nyoka kutoka Kibarani.

Musembi alikuja na mkewe, Nduku, ambaye alisimama mlangoni akitazama barabara. Muhdhar alimwamkia mara mbili. Mara zote mbili aliitikia kwa kichwa.

"Mama haumwi?" Muhdhar alinong'ona.

"Mzima. Hajasema nami tangu Jumapili."

"Mnunulie leso."

"Leso ataipata, mzee. Kwanza upinde."

Musembi akauchukua ule mdogo. Aliuvuta kwa kidole kimoja, ukavutika bila taabu, na uso wake ukakunjuka kidogo.

"Nipe huu."

"Huo alikuwa akichezea mtoto wa Mtaliano. Hata kuku haumtoi unyoya."

"Ndiyo maana nimeupenda."

Muhdhar akacheka, akidhani ni mzaha. Lakini Nduku alikuja, akautoa upinde mkononi mwa mumewe, akaurudisha mezani, kisha akarudi mlangoni.

Wa pili kapi yake moja ilikuwa imeshikwa na kutu, haizunguki. Ukabaki mmoja, mweusi, mrefu kuliko wote. Muhdhar aliuinua kwa mikono miwili.

"Uzuri wa uta huu ni kwamba mwanzo ni mzito, utatoka jasho. Ukifika mwisho, kapi zinageuka, na uzito karibu wote unakutoka mkononi. Basi unakaa hapo umeuvuta, unalenga kwa raha zako."

"Kwa muda gani?"

"Hata ukitaka kusalimiana na watu kwanza."

"Yaani mtu anakaa ameuvuta, huku anafikiri?"

"Ndiyo raha yake."

"Mimi naona heri ule ambao mtu anavuta na kuachia papo hapo, kabla fikra hazijamwingia." Akagusa kijiti cha kulengea. "Na hiki, mtu akiwa na hasira, mkono unamtetemeka, kinamsaidia?"

"Wewe una hasira?"

"Mimi sina hasira na mtu yeyote," Musembi alisema, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Mimi ni mtu wa amani kabisa."

Nduku aligeuka. Alizitazama pinde zote, kisha akauonyesha ule mweusi kwa kidevu. Musembi akauangalia kama mtu anayeangalia sindano ya daktari, akasema, "Tufungie huo."

Muhdhar aliufunga kwa magazeti huku akishangaa kimoyomoyo. Kwao, mwanamume hachaguliwi zana ya kazi na mkewe. Huyu bwana, aliwaza, ni simba wa mishale, lakini nyumbani ni kondoo.

"Mama hukusaidia pale hotelini?" aliuliza.

"Tunafanya kazi pamoja. Bila yeye sina kazi."

Muhdhar akaelewa. Mama ndiye anayeokota mishale.

Alhamisi ile, tangu adhuhuri, waliopita nyuma ya hoteli walisikia mishale ikigonga ubao, mmoja baada ya mwingine. Alasiri Muhdhar alifunga duka mapema, akaenda kuona jinsi uta wake utakavyofanya kazi. Alisimama upande wa ufuo, nje ya ua, maana ndani kulikuwa na baa. Wageni walikuwa wameketi na glasi zao. Ngoma ikapigwa, na Musembi akatoka na madoa yake ya chui, ameuinua ule upinde mweusi juu ya kichwa. Kapi ziling'aa. Wageni wakapiga makofi, na Muhdhar naye akajikuta anapiga, kwa fahari ya mfanyabiashara aliyeuza kitu cha haki.

Kisha Musembi akamkabidhi mkewe ule upinde, akatembea polepole hadi kwenye ubao, akauegemea kwa mgongo, akajiwekea papai kichwani.

Nduku aliuvuta mpaka mwisho, akatulia. "Baba watoto," alisema taratibu, maneno yake ya kwanza tangu Jumapili, "yule Jedida wa jikoni ni nani wako?"