Nafasi Kwenye Sinia

Kuikata pembe ya Bi Mashavu hakukumchukua daktari hata muda wa kumenya muhogo. Alimchoma sindano ya ganzi kwenye paji la uso, akaing'oa na shina lake, akashona nyuzi nne. Pembe yenyewe, ndefu kama kidole cha shahada, aliitia kichupani ikapimwe.

"Ni ngozi iliyokauka tu, mama. Haiambukizi, wala haijapata kuambukiza."

"Niandikie hayo, baba."

Miaka sita, tangu pembe ilipomwota, Bi Mashavu alikuwa akila peke yake uani, kwenye bakuli lililofungwa uzi mwekundu lisije likachanganyika na vyombo vya wenziwe. Adhuhuri ile alirudi nyumbani kwa mwanawe, Haroub, akampa karatasi ya daktari. Akanawa mikono mara mbili mbele ya macho ya watu wa nyumba, akaketi mkekani penye sinia la wali.

Haroub aliisoma, akaikunja. "Alhamdulillahi. Karibu, mama."

Bi Mashavu akamega tonge la kwanza.

Haroub akajifuta vidole. "Mimi nimeshiba."

Raya, mkewe, naye akashiba. Watoto wakatazamana, wakashiba. Na wali ulikuwa haujaliwa hata nusu.

"Kula, mama, usiwe na haraka," alisema Raya kwa upole, akaingia jikoni.

Aliporudi alikuwa na kipande cha uzi mwekundu. Akachutama, akaanza kutafuta pa kuufunga kwenye ukingo wa sinia, na Bi Mashavu tonge bado li mkononi.