Wanandoa wa Mfano

Mlango wa ukumbi wa dansi huwafungukia mume na mke tu. Ndiyo maana kila Jumamosi mimi humshika mkono jirani yetu Chande, na Rukia wangu humshika Heri, mpenzi wa Chande. Tukishaingia, kila mtu humrudia wake, na hapo ndipo raha inapoanza.

Jana mlango ulitupigia tarumbeta. "Hongereni, Bibi Tunu na Bwana Chande, kwa miaka kumi. Ninyi ni wanandoa wa mfano."

Rukia alicheka mpaka akakaa chini. Tukacheza wote wanne hadi nyayo zikawaka moto.

Leo tumepita pale, tukakuta picha yangu na Chande imebandikwa mlangoni, kubwa kama kitanda.

"Mmependeza, mke wangu," Rukia akasema. "Na yetu tutaibandika wapi?"