Mlango wa Kioo

Jirani yetu wa mtaa wa Levolosi anadai kwamba yule kijana alikwapua suruali ya mtumba sokoni, akakimbilia maktaba mpya kando ya bustani kwa sababu alijua ana pa kujificha.

Pa kujificha hapakuwapo. Jengo lote limesimama juu ya nguzo, na chini ni wazi. Mchoraji wa ramani ya jengo alitaka watu watoke barabarani wapite moja kwa moja hadi bustanini. Basi waliomfukuza walipita humo, wengine wakatokea upande wa bustani, naye akabaki katikati.

Kitu cha kufungwa kule chini ni kimoja tu, mlango wa kioo wa kuingilia kwenye ngazi za kwenda juu. Mimi nilikuwa ndani naufuta kwa ajili ya ufunguzi wa kesho yake, ufunguo nimeuvaa shingoni.

Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni. La pili likapasua sikio. Akaubandika mkono kwenye kioo nilichotoka kukifuta. Niliona mistari ya kiganja chake, na damu ikiijaza mmoja baada ya mwingine.

"Kaja kuazima kitabu huyo," alisema mwanamume mwenye nondo, na wenzake wakacheka.

Mzee mmoja aliyevaa koti la kanisani alinisogelea hadi pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo.

"Binti, ukifungua tunakuunganisha naye," alisema kwa upole kabisa.

Kijana hakugeuka kuwatazama. Alinitazama mimi.

"Dada," alisema, "nifungulie."