Paa la Njano

Sheria haimlazimishi mwenye ndege binafsi kukata bima. Tunaokata ni sisi tunaoishi chini. Ukishakata, unapaka bati lako rangi ya njano, ili ndege ikiharibika angani rubani ajue pa kuangukia bila tajiri kudaiwa.

Mume wangu, Semkiwa, kapaka jana na anajiona mjanja. Leo jirani yetu Rwegasira, mwenye ndege tatu na adabu isiyojaa kisoda, kaja na keki.

"Hongera, shemeji," akaniambia. "Mtaa mzima ni nyie tu wenye paa la njano. Rubani wangu kafurahi sana."

Semkiwa, bwege yule, akacheka na kukata kipande cha pili.

Mimi nikahamisha kitanda cha mtoto. Nimekizungusha nyumba nzima. Kila chumba kina bati lile lile.