Vitoto Kumi na Vinne

Salha aliporudi kutoka kisimani, chupa aliyovitengea vitoto vya samaki ilikuwa tupu, imeoshwa na kupinduliwa mezani.

"Mama, vitoto viko wapi?"

"Nimevirudisha kwa mama yao," alijibu mama mkwe wake, akiendelea kuchambua mchele. "Kazaa juzi tu, ushamnyang'anya. Una roho gani, mwanangu?"

"Samaki hawa hula watoto wao, mama. Ndiyo maana nilivitoa."

"Kakwambia nani? Huyo aliyekuuzia? Kwani yeye kazaa?" Mama mkwe alicheka peke yake. Salha alikwenda kwenye tangi la kioo la samaki; mama mkwe aliweka ungo chini akamfuata.

Jana vitoto vilikuwa kumi na vinne. Sasa samaki mwekundu alikuwa akizunguka taratibu, tumbo limemjaa, na maji yalikuwa meupe, hayana kitoto hata kimoja.

"Wangu wa kwanza walimchukua siku ya arobaini," mama mkwe alisema. "Akalelewe kwa bibi yake, ndiyo desturi. Maziwa yalinitoka wiki nzima. Nikadhani huyu naye…"

Hakumaliza. Nyuma ya jani, chini kabisa, kitu chembamba kama uzi kilitikisika. Kilikuwa na macho.

Salha alichukua kichujio cha chai, akakitumbukiza majini polepole. Mama mkwe alibandika kiganja chake kwenye kioo, mbele ya lile jani, kana kwamba mkono ungeweza kupenya kioo ukakikinga.

Samaki mwekundu akageukia jani.