Nimeonja Kidogo Tu

Abel alikalia mkate saa kumi na mbili asubuhi, na yowe alilopiga mkewe likawafanya majirani wafungue madirisha.

"Umeua!" Kalista alilia huku akivuta blanketi. Chini yake beseni lilikuwa limebinuka, na donge zima la unga limeganda kwenye suruali ya Abel ya kazini.

"Sasa mimi ningejuaje kama mkate unalala kitandani?"

Ungelala wapi? Kwao Kalista, kule Kabwe kando ya ziwa, unga unaumuka hata ukiutazama kwa jicho baya. Huku Sumbawanga, mwezi wa saba, hamira yenyewe inajikunyata. Kalista alishauweka unga jikoni, akauweka juani, akauweka kwenye banda la vifaranga, wapi! Juzi alitoa jikoni kitu ambacho Abel alikigonga mezani, ko ko ko, kisha akajiitikia mwenyewe, "Karibu ndani." Siku hiyo walicheka mpaka wakatokwa machozi. Leo Kalista hakucheka, maana leo ndiyo ilikuwa Jumamosi yenyewe.

Na hapo ndipo aibu ilipokuwa. Tangu Abel ahamishiwe Sumbawanga, miezi saba mizima, Kalista hakuwa na rafiki hata wa kumwazima chumvi, mpaka alipojiunga na grupu la WhatsApp, Waokaji wa Nyumbani. Siku ya kwanza tu akaombwa picha ya mkate wake. Akatuma. Loo, sifa zilizomiminika! Silvana, mwenyekiti mwenyewe, akaandika, "Jamani, tumepata fundi."

Fundi wa wapi? Mkate ule aliununua kwa babu Nestory, mzee mwenye tanuri la udongo uani kwake, nyuma ya soko. Lakini sifa ni tamu. Picha ya kwanza ikazaa ya pili, ya pili ikazaa ya ishirini, na sasa wenzake walikuwa wanakuja kwake saa nane mchana, kila mtu na mkate wake, waonjeshane. Silvana alishamtoa mtu kwenye grupu kwa kutuma keki ya dukani. Kalista akigundulika, atarudi kuongea na kuta.

Akamwachia Abel suruali yake na unga wake, akatoka mbio.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mama. Afadhali umewahi. Mikate ya leo inagombaniwa, sijui mjini kuna sherehe gani."

"Babu, huna hata mmoja usio na msalaba?"

Hiyo ndiyo ilikuwa taabu ya mikate ya babu Nestory. Kila mmoja, kabla haujaingia tanurini, mzee aliuchora msalaba kwenye ncha kwa kisu, na anayenunua kwake angeutambua hata gizani.

"Mkate usio na alama ya Mungu mimi siuoki," babu alisema. "Kwani msalaba unakuwasha?"

Haumwashi, lakini unamuumbua. Basi Kalista akafanya kama siku zote. Alipofika nyumbani aliikata ile ncha, akampa Abel aimalize. Abel alikuwa ameshakula misalaba mingi kiasi cha kudai amebarikiwa kuliko paroko. Na kila picha Kalista aliiandikia chini, "Nimeshindwa kuvumilia, nimeonja kidogo tu." Maneno yenyewe aliyaiga kwa Silvana, na Edith naye alikuwa akiandika hivyo hivyo. Walafi wote, Mungu awabariki.

Saa nane, hodi! Akaingia Silvana, mrefu, amebeba kapu kama amebeba sadaka. Akafuata Edith, yule wa kucheka kabla hajaambiwa cha kuchekesha. Nyuma yao Mary, binti mpole aliyejiunga juzi tu. Wakakumbatiana, wakapiga kelele, viti vikaburutwa. Sebule ilijaa sauti za wanawake. Abel, ndani ya suruali nyingine, akamimina chai, akamkonyeza.

"Haya, tuanze na mwenyeji," Silvana akasema.

Kalista akafunua kitambaa. "Samahanini jamani, nimeonja kidogo tu."

Wakaangua kicheko. Silvana akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Mbona hii harufu..." akaanza.

Kalista akajifanya anapanga vikombe.

"Harufu ya fundi," Silvana akamalizia haraka haraka, na kwa haraka hiyo hiyo akautoa wa kwake kapuni. Ulikuwa umekatwa ncha. "Na mimi nisameheni. Njaa ya asubuhi!"

"Hata mimi shetani alinipitia," Edith akadakia, akautua na wake, nao hauna ncha. Vicheko vikapaa tena, na Kalista ndiye aliyecheka kuliko wote, kwa jinsi alivyokuwa amepona.

"Haya Mary, bado wewe."

Mary akafunua kapu lake taratibu, macho chini. "Huu ndio mkate wangu wa kwanza kuoka maishani, dada zangu. Nimeamka alfajiri kuukanda. Msinicheke."

Akauweka katikati ya meza, mzima, haujaguswa, na msalaba umekaa vizuri kabisa kwenye ncha.

Mikono mitatu ikarukia kitambaa kwa pamoja, kuufunika.