Kikopo Ndani ya Debe

Mvua iliwahi mwaka huu, ndiyo maana Marsiana alifungua debe la mbegu za maharage mapema. Alipozamisha mkono kwenye majivu ya kuzuia wadudu, vidole vikagusa kitu laini cha plastiki.

Kilikuwa kikopo cha kliniki ya uzazi, kile mumewe alichopewa Julai akaweke manii ya kupimwa. Kibandiko kina jina la mumewe. Utepe wa mfuniko haujakatwa.

Majibu ya kipimo cha mumewe Marsiana hakuwahi kuyaona. Aliambiwa karatasi ililowa mvua njia ya Bugarama, na Julai ile halikudondoka hata tone la mvua.

“Mbona kimya?” mumewe aliita kutoka uani. “Umenuna tena? Mimi vipimo vyangu safi. Ni hiyo roho yako isiyotulia inayokataa dawa.”

Miezi mitatu Marsiana alikuwa amemeza vidonge vya kushika mimba na kujilazimisha kucheka, ili roho itulie.

Akapuliza majivu taratibu mpaka jina likasomeka lote.

“Sijanuna, mume wangu,” alijibu, na sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. “Nawa mikono, uje ule.”

Akakiweka kikopo kwenye sahani ya mumewe, akakifunika kwa bakuli.